Ndege ndogo ya kivita na hewa ya chumvi: kutibu kasoro za rangi, dekali na uchakavu

Kijana wa Matondoni alipanda ngazi zangu hapa Mkomani, mjini Lamu, na mkebe wa biskuti mikononi. Ndani mlikuwa na ndege ya plastiki ya kuunda, mfano wa ndege ya kivita F-5E kwa kipimo cha 1/48 (yaani ndogo mara 48 kuliko ya kweli), kazi ya miezi mitatu, imelazwa juu ya pamba.

"Shikamoo ami. Jana magharibi niliipiga vanishi. Leo nimeiamkia iko hivi."

Mgongo wote wa ndege ulikuwa mweupe, kama kioo kilichopumuliwa. Mwenyewe alishaamua kuwa imekufa. Haikufa, na dawa yake nitaieleza hapa chini, kwa kuwa huo weupe ndio ugonjwa ninaoletewa kuliko mwingine wowote, kutoka Lamu na kutoka Malindi pia. Mingine nayo hujirudia mwaka hadi mwaka. Nimeipanga kwa dalili, yaani kwa kile unachokiona mbele ya macho. Katika kila dalili anza na sababu ya kwanza niliyoitaja, kwani ndiyo iliyo ya kawaida, na jaribu tiba nyepesi kabla ya kushika msasa. Mimi mwenyewe nimeharibu ndege nyingi zaidi kwa kuzitibu haraka kuliko kwa kuzikosea mwanzoni.

Vanishi au rangi imegeuka nyeupe

Sababu ya kwanza ni unyevu. Rangi na vanishi za thina kali hukauka kwa thina kuruka hewani, na thina inaporuka huupoza uso wa ndege. Uso ukipoa kuliko hewa iliyojaa maji, umande mdogo sana hutua juu ya vanishi mbichi na kufungiwa humo humo. Ndio weupe wenyewe. Vanishi za kopo la kupuliza huumwa zaidi, kwa sababu gesi inayozisukuma nayo hutoka ikiwa baridi.

Kabla ya kupuliza chochote, nenda jikoni ukatazame chumvi. Ikiwa imeshikamana na haimiminiki, ahirisha. Mwenye kipima unyevu atumie namba: mimi kikivuka asilimia 80 siweki vanishi. Hapa kwetu hewa huwa na nafuu kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na huwa mbaya kabisa baada ya magharibi na alfajiri. Majira nayo yana neno. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ina joto lakini ni kavu. Miezi ya masika, Aprili hadi Juni, ni ya kukata na kugundisha vipande, si ya vanishi. Kijana wetu alipuliza mwezi wa Mei, jua likizama.

Sababu ya pili ni vanishi isiyong'aa ambayo haikutikiswa vya kutosha. Kinachoifanya isimete ni unga laini sana, nao hutuama chini ya chupa. Ukitumia maji ya juu kwanza, ndege ya kwanza itameta, na ya mwisho itapata unga mtupu na kuwa kama imemwagiwa chokaa. Tikisa dakika mbili kamili, kisha koroga kwa kijiti hadi chini ukakwaruze kitako cha chupa.

Ya tatu ni tabaka nene. Hii utaitambua kwa weupe uliokaa kwenye mifereji na pembe tu, pale vanishi ilipotuama, huku pengine pote ni pasafi.

Tiba: usikwangue, na usiongeze vanishi ile ile siku ile ile. Ngoja siku yenye nafuu. Kama ni vanishi ya thina kali, puliza ukungu mwepesi wa thina yake yenyewe, ile inayokauka polepole, kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20. Vanishi italainika kidogo na kuuachia unyevu. Kama ni vanishi isiyong'aa ya akriliki, puliza juu yake tabaka jepesi la vanishi ya kung'aa. Ule unga ukishalowa tena huacha kuonekana. Ndege ya Matondoni tuliifanyia hivyo kesho yake saa saba mchana. Weupe ulianza kuondoka kwenye shina la bawa, ukafuata mgongoni, na rangi ya kijani ikarudi tukiitazama. Kilibaki kidonda kimoja kama punje ya mchele karibu na mkia, pale vanishi ilipokusanyika. Hicho alikisugua kwa msasa wa maji namba 2000 na kukipaka upya.

Ukishajaribu mara mbili na weupe haujaondoka, acha kuongeza tabaka. Kila tabaka linaziba mistari ya bati, ile mifereji midogo inayoonyesha maungio ya mabati ya ndege, na mistari hiyo ikishazibika hairudi. Sugua sehemu ile tu, uanze tena hapo.

Brashi ya hewa inatema maji

Unapuliza vizuri kwa brashi hiyo, kile kifaa kidogo kinachopuliza rangi kwa hewa ya kompresa, ghafla linaruka tone la maji na kuacha jicho katikati ya bawa. Kompresa hukamua hewa yetu, na hewa yetu ina maji mengi. Mwaga maji ya tangi kila unapomaliza kazi, siyo kila mwezi. Kisha tazama kichujio cha maji kilichoko kwenye mpira: kikombe chake kikiwa nusu, tayari kimeshindwa. Kama vyote viko safi na bado inatema, ongeza urefu wa mpira au weka kichujio cha pili karibu na mkono, kwa sababu hewa hutoka kwenye kompresa ikiwa na moto, na maji hujitenga ikishapoa njiani. Shinikizo la 15 hadi 20 psi linatosha kwa rangi iliyochanganywa ipasavyo. Ukilazimika kupanda hadi 30 kila mara, rangi yako ni nzito.

Hapa kuna mstari usiovukwa. Tangi hula kutu kutoka ndani, mahali usipopaona, na hewa ya bahari huongezea kutoka nje. Tangi linalovuja kwenye mshono, au lenye kutu inayobanduka magamba, halichomelewi nyumbani. Litoe hewa polepole, liache. Na wale wanaotumia mota ya friji kuukuu kama kompresa: ikikupiga shoti hata kidogo, au ikinuka kuungua, ondoa kwenye umeme na umwite fundi wa umeme. Usiifungue wewe.

Uso una chengachenga kama msasa

Rangi imekauka hewani kabla haijafika kwenye plastiki. Mara nyingi umesimama mbali mno, au unapulizia barazani na upepo wa kusi unakatiza mbele yako. Sogea hadi sentimita 8 au 10, ingia ndani, punguza shinikizo, ongeza thina au matone mawili ya dawa ya kuchelewesha kukauka. Uso ulioharibika usugue kwa msasa namba 2000 uliolowa na upulize tena. Ikiwa chenga ni kubwa na zimetapakaa kwa nasibu, hiyo si rangi, ni vumbi la makuti kutoka juu yako. Tandika shuka juu ya meza.

Siku ya tatu rangi bado inanata

Swali langu la kwanza huwa ni hili: ulichanganya na nini? Jibu likiwa mafuta ya taa, tumeshapata. Mafuta ya taa huacha utando wa mafuta ndani ya rangi, na rangi hiyo inaweza kunata wiki nzima. Rangi za enameli zichanganywe na thina yake au tapentaini safi ya madini. Thina kali ya rangi za gari ni hatari ya upande mwingine: inakula plastiki. Nimeona pua ya ndege iliyolainika ikawa kama ubani uliotafunwa.

Kama mchanganyiko ulikuwa sawa, basi tabaka lilikuwa nene, au kopo halikukorogwa hadi chini. Iweke ndege ndani ya ndoo yenye kifuniko pamoja na pakiti zile za kukausha zinazokuja kwenye viatu na mabegi, siku tano bila kuigusa. Usiianike juani juu ya mabati. Plastiki hii hupinda kwa joto, na bawa lililopinda halina fundi.

Baada ya wiki mbili bado inanata? Haitakauka tena. Ivue rangi yote kwa dawa ya kuvulia isiyodhuru plastiki, ukaanze upya.

Tepu inaondoka na rangi

Plastiki mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuitoa kwenye kalibu. Juu yake sisi tunaongeza mafuta ya vidole, na hapa Lamu, chumvi. Ndege ikikaa usiku mmoja dirishani upande wa bahari, asubuhi pitisha kidole kwenye bawa kisha kiweke ulimini, utaijua. Chumvi iliyofunikwa na rangi huvuta maji, na rangi huinuka hapo vijipovu vijipovu.

Osha vipande kwa maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, suuza mara mbili, na suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua au ya chupa, kwa sababu maji ya visima vyetu mengi yana magadi na chumvi yake. Kausha. Shika kwa glavu. Piga praima, yaani rangi ya msingi, uiache siku nzima. Hatua hizi zikifuatwa, tepu huacha kung'oa rangi kwa wengi wanaonijia.

Kama uliosha na ulipiga praima, basi huenda rangi haikukomaa. Akriliki hukauka juu kwa dakika chache lakini huhitaji saa 24, na kwenye masika 48, kushika sawasawa. Mwisho angalia tepu yenyewe: ibandike kwanza nyuma ya mkono wako mara mbili tatu ipunguze ukali, na unapoitoa irudishe juu yake yenyewe kwa pembe kali, polepole, usiivute kuelekea juu.

Palipobanduka, laini kingo za jeraha kwa msasa mpaka ukucha usikwame, kisha praima, kisha rangi. Ukipaka rangi bila kulaini kingo, utaona ramani ya jeraha milele.

Dekali zinameta kama gamba la samaki

Hapa nitakawia kidogo, kwani ndipo kazi nzuri hupotea dakika ya mwisho.

Dekali, zile alama na namba za kubandika, ni wino juu ya utando mwembamba. Ukiuweka utando huo juu ya uso usiong'aa, ambao kwa darubini ni vilima na mabonde, hewa hunaswa mabondeni. Mwanga ukipiga unaiona hewa ile ikimeta kama fedha. Kwa hiyo sababu ya kwanza, na karibu siku zote ndiyo pekee, ni kukosa vanishi ya kung'aa chini yake. Kipimo chake ni rahisi: inamisha ndege chini ya taa. Kama huuoni mwali wa taa ukiwa na kingo, uso haujawa tayari.

Kama ulikuwa tayari na bado zinameta, hukukamua maji. Dekali ikikaa mahali pake, ikandamize kwa kijiti cha pamba kilicholowa kidogo, kutoka katikati kwenda nje. Kisha weka dawa ya kulainisha dekali. Asiyenayo anaweza kujaribu siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ni dhaifu kuliko dawa ya dukani lakini inasaidia kwenye mikunjo midogo. Dekali ikikunjamana baada ya kupakwa dawa, usiiguse! Itajinyoosha yenyewe ikikauka. Ukiigusa wakati ule utaichana.

Kwa zilizokwisha kumeta: chukua sindano nyembamba kabisa, toboa vitundu kadhaa pale panapometa, weka tone la dawa juu, liache liingie. Rudia kesho. Mara ya tatu au ya nne mng'ao huisha.

Kuna dalili nyingine inayofanana na hii na watu huichanganya. Ukiona pete nyeupe kuzunguka dekali, kavu kama chumvi ya sufuria, hiyo siyo hewa. Ni maji ya kisima yaliyokauka. Pangusa kwa kijiti chenye maji ya mvua kabla ya vanishi. Ukiifunika na vanishi imekuwa yako.

Dekali zikikatika vipande mara tu zinapogusa maji, zimezeeka kwa joto. Kabla ya kuikata karatasi iliyobaki, ipulize yote vanishi ya kung'aa, iache usiku kucha, kisha kata kila dekali karibu na kingo zake kwa sababu sasa karatasi nzima imekuwa utando mmoja. Zilizogeuka njano zibandike kwenye kioo cha dirisha zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliozibwa, zitazame jua siku kadhaa. Njano hupungua.

Kioo cha rubani kimeingia ukungu

Ulitumia supagluu. Mvuke wake hutua kwenye kioo na kukiacha cheupe. Ikiwa ukungu uko nje, sugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini, kwa mizunguko midogo, kisha kichovye chote kwenye vanishi safi ya akriliki, kikauke kikiwa kimefunikwa na bakuli. Ukiwa ndani, lazima ukitoe. Usikitie bisibisi, ingiza wembe mwembamba taratibu kwenye mshono. Safari ijayo kigundishe kwa gundi nyeupe ya seremala. Inakauka bila rangi na haina mvuke wa kudhuru.

Supagluu ikiingia jichoni au kope zikishikana, usizivute. Osha kwa maji mengi vuguvugu na uende hospitali hapo hapo.

Rangi ya mistari imetapakaa, au plastiki imepasuka

Ile rangi nyepesi tunayoipitisha kwenye mistari ya bati ili ionekane hutakiwa kukimbia mferejini. Ikitapakaa na kuacha madoa, uliipitisha juu ya uso usiong'aa. Pangusa kwa kijiti chenye tapentaini kidogo ukiwa bado ndani ya nusu saa. Ikikataa, yageuze madoa kuwa uchafu wa makusudi.

Lakini ukisikia "tik" ndogo, na kesho yake bawa limeachia kwenye mshono, hapo tapentaini imepenya hadi kwenye plastiki tupu iliyo chini ya mkazo. Hutokea hasa kwenye miguu ya magurudumu na maungio yaliyolazimishwa kwa nguvu. Ziba maungio yote kwa rangi na vanishi kabla, na usimwage: brashi iguse mfereji, rangi ikimbie yenyewe. Mguu uliopasuka hauponi kwa gundi peke yake. Toboa kitundu pande zote mbili kwa kipekecho cha nusu milimita, tia kipande cha waya, kisha gundi.

Nyuma ya injini pamepoteza mng'ao wa chuma

F-5 ina injini mbili, na sehemu ya nyuma kuzunguka midomo yake huachwa chuma kitupu kilichoungua. Rangi ya chuma huhitaji msingi mweusi unaong'aa kama kahawa iliyokolea. Pasipo msingi huo huwa kijivu. Ikiwa ilimeta kisha ikafa, umeipiga vanishi isiyong'aa pamoja na ndege nzima. Zibe sehemu hiyo kwa tepu kabla ya vanishi ya mwisho. Alama za vidole juu yake hazifutiki, paka upya.

Uchakavu hauaminiki

Ndege imetoka safi, rangi zake sawa, dekali hazimeti. Kisha mtu ameichakaza, na ghafla imekuwa mwanasesere. Hakuna kilichobanduka wala kugeuka nyeupe, ila jicho linakataa. Kasoro hii siyo ya kemia. Ni ya kutojua uchafu umetoka wapi.

Kosa la kwanza kwa watu wetu ni kutu nyekundu. Naelewa linatoka wapi: tumekulia kando ya boti za chuma, nanga na misumari ya jahazi, na macho yetu yanaamini kuwa kitu kikuukuu lazima kiwe chekundu. Lakini ngozi ya ndege ya kivita kwa sehemu kubwa ni alumini. Alumini haifanyi kutu nyekundu. Ikiliwa na chumvi hutoa unga mweupe au wa kijivu. Rangi ikibanduka utaona chuma cheupe kilichofifia, au praima ya manjano yenye ukijani iliyo chini yake. Kutu uliyokwisha kuipaka ifute kwa kijiti na tapentaini kama ni enameli au rangi ya mafuta. Kama ni akriliki, ifunike kwa vitone vya rangi ya mwili.

Kosa la pili ni mistari ya bati iliyokolezwa nyeusi pote kwa usawa. Chukua rula. Kwa kipimo cha 1/72, mstari wa nusu milimita ni sawa na ufa wa sentimita 3.6 kwenye ndege ya kweli. Rubani gani atapaa nayo? F-5E ina urefu wa mita 14.45, kwa 1/72 inakuwa karibu sentimita 20, na kwa 1/48 karibu sentimita 30. Kila mstari upunguzwe ipasavyo. Tumia kahawia ya giza au kijivu badala ya nyeusi, na koleza milango inayofunguliwa kila siku na mafundi, ile ya kujazia risasi, mafuta na kukagua injini. Bati ambalo halifunguliwi mwaka mzima halina sababu ya kuwa na mstari mweusi. Tiba ya mistari iliyokoza mno: puliza ukungu mwembamba sana wa rangi ya mwili, iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za thina, mpaka inywee.

La tatu ni michirizi inayoelekea popote. Jahazi linalokaa ufukoni huwa na michirizi ya kushuka chini, ya sifa (mafuta ya papa yanayopakwa jahazi) na maji ya mvua. Ndege ikiwa angani, upepo huvuta kila tone kwenda nyuma. Kwa hiyo mafuta yanayovuja tumboni hunyooka kutoka mbele kwenda mkiani. Michirizi ya kushuka wima iweke ubavuni tu, na michache, ya ndege iliyoegeshwa. F-5E ina mizinga miwili ya milimita 20 puani: masizi yake huanza kwenye midomo ile na kufifia kuelekea kwenye kioo, hayaanzi katikati ya pua. Mafundi hukanyaga juu ya bawa karibu na mwili, si kwenye ncha. Jua huchoma mgongo, halichomi tumbo.

Na mahali nako kuna neno. F-5 zilianza kuingia Kenya mwaka 1978, na makao yake ni kambi ya Laikipia, Nanyuki, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kule vumbi ni la udongo wa bara, na jua la ikweta ni kali kwa rangi. Anayetengeneza ndege ya Nanyuki na kuipaka chumvi ya Lamu anaeleza habari ya mahali pengine. Vumbi hilo lianzie kwenye magurudumu, lipande kwenye milango ya miguu, likomee tumboni nyuma ya gurudumu la mbele. Kwenye kioo hakuna vumbi. Hicho kinapanguswa kila safari.

Kabla ya kutia doa lolote, uliza: nani au nini kimeliweka hapa? Ukikosa jibu, usilitie.

Kuna kasoro moja ya ufundi inayoingia humu. Rangi za mafuta za wachoraji, zile tunazodondosha vitone na kuvivuta ili kufifisha bati, zikibaki zinameta na kulowa, zina mafuta ya kitani mengi. Zimimine juu ya kipande cha kadibodi nusu saa kabla. Kadibodi itanyonya mafuta na kuacha duara lake, na rangi iliyobaki itakauka bila kumeta.

Vumbi limetoweka baada ya vanishi

Unga wa chaki uliosagwa unapendeza, ukiufunika kwa vanishi unayeyuka machoni. Umeulowesha mno. Weka unga mwingi kuliko unaoutaka, kisha puliza ukungu mkavu kwa umbali wa sentimita 25, mara mbili tatu. Au uache bila vanishi, kama ndege itakaa ndani ya kabati la kioo na haitashikwa.

Pasipofaa kujitibu mwenyewe

Ukipata kizunguzungu, kichwa kuuma au kifua kubana unapopuliza, acha, toka nje. Kitambaa cha mdomoni hakizuii mvuke wa thina. Kinachofaa ni barakoa yenye vichujio vya mkaa, na dirisha wazi. Kifua kikiendelea kubana baada ya kupata hewa safi, hilo ni la daktari, siyo la kulala nalo. Umeme ukikatika usiendelee kwa mshumaa au karibu na jiko la mkaa. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi uufikie moto.

Na kama ndege siyo yako, mathalan imeachwa na marehemu au imetoka kwenye kabati la shule, usiivue rangi. Rangi iliyopauka na dekali zilizopasuka ni mkono wa aliyeitengeneza. Ipanguse vumbi kwa brashi laini kavu, iweke mbali na dirisha la bahari, na kama kuna kilichovunjika, weka kipande chake ndani ya bahasha pamoja nayo hadi mwenyewe aamue.

Nikirudi kwa kijana wa Matondoni, wiki iliyopita alileta F-5E ile ile. Alikuwa ameifuta kutu yote ya mabawani, akabakisha doa moja jekundu kwenye mnyororo wa kuegeshea uliolala kwenye ubao wa chini. Mnyororo ni wa chuma. Nilimwambia aliache.